Kanuni ya Kuripoti Maradhi Ikibadilika, Wajibu wa Mwajiri Uko Pale Pale



Serikali inapobadilisha kanuni za kuripoti maradhi ya kuambukiza, mara nyingi wa kwanza kupata habari ni mwajiri. Waraka unafika ofisini, karani anausoma, msimamizi anaitwa. Wa mwisho kupata habari ni mfanyakazi, na habari inayomfikia huwa fupi sana: "Sheria imebadilika." Basi. Haambiwi imebadilika wapi, inaanza lini, wala ni mambo gani yameachwa kama yalivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba tangazo la kubadili fomu linageuzwa kuwa tangazo la kuacha kinga. Sabuni inakwisha na hailetwi nyingine, mgonjwa anaambiwa arudi kazini, na anayeuliza anajibiwa kwamba siku hizi ugonjwa ule haumo tena katika kanuni.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu la namna hiyo si sahihi. Mwajiri ana wajibu wa namna tatu juu ya maradhi ya kuambukiza. Wa kwanza ni kumlinda mfanyakazi asiambukizwe kazini. Wa pili ni kumwandika katika daftari kila aliyeugua kwa sababu ya kazi. Wa tatu ni kutoa ripoti serikalini. Kanuni za kuripoti zikibadilika, kinachobadilika ni wajibu wa tatu, na pengine wa pili. Ule wa kwanza unabaki. Mfanyakazi asiyejua kuyatenganisha mambo haya matatu atanyang'anywa yote kwa mpigo mmoja.

KWA NINI TUNATAZAMA MAREKANI

Tutachukua mfano wa Marekani, hasa viwanda vya nyama, wakati wa ugonjwa wa korona. Zipo sababu mbili za kutazama mbali kiasi hicho.

Sababu ya kwanza ni kwamba ndugu zetu wamo humo. Aprili 2020 wataalamu wa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti maradhi, walikwenda kukagua kiwanda cha nyama ya nguruwe cha kampuni ya Smithfield katika mji wa Sioux Falls, jimbo la South Dakota. Katika taarifa yao waliandika kwamba wafanyakazi wa kiwanda hicho wanazungumza lugha zipatazo 40. Walipotaja kumi zinazosemwa zaidi, Kiswahili kilikuwamo, pamoja na Kiingereza, Kihispania, Kikunama, Kinepali, Kitigrinya, Kiamhari, Kifaransa, Kioromo na Kivietnamu. Tukumbuke kwamba katika miaka ya 2018 na 2019 Kongo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa wingi wa wakimbizi waliopokelewa Marekani. Mtu aliyekimbia vita Kivu akapata kazi ya kisu na ndoano katika kiwanda cha ng'ambo ni mfanyakazi mwenzetu. Yaliyompata yanatuhusu.

Sababu ya pili ni kwamba kanuni za kule ziligeuzwa mara nyingi katika muda mfupi, na kila mgeuzo umeandikwa pamoja na tarehe yake. Kwa hiyo tunaweza kufuata hatua kwa hatua tuone nani alifaidika na nani aliumia.

SHERIA ILIKUWA INASEMA NINI

Marekani ilitunga sheria yake kubwa ya usalama na afya kazini mwaka 1970, na idara inayoisimamia, iitwayo OSHA kwa kifupi, ikaanza kazi Aprili 1971. Sheria hiyo ina kifungu cha wajibu wa jumla. Kinamtaka mwajiri atoe mahali pa kazi pasipo na hatari zinazojulikana ambazo zaweza kuua au kudhuru vibaya. Hakitaji ugonjwa wowote kwa jina, na hiyo ndiyo nguvu yake, kwa sababu ugonjwa mpya ukizuka hauhitaji kusubiri sheria mpya.

Chini ya sheria hiyo zipo kanuni za daftari na ripoti. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya kumi, isipokuwa katika biashara chache zilizosamehewa, anatakiwa kuwa na daftari la majeraha na maradhi yatokanayo na kazi. Tukio linaandikwa ndani ya siku saba tangu apate habari zake. Muhtasari wa mwaka unabandikwa ukutani kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili, kila mtu ausome. Daftari linatunzwa miaka mitano. Mfanyakazi au mwakilishi wake akiomba nakala, apewe kabla siku ya kazi inayofuata haijakwisha.

Ripoti ni kitu kingine. Mfanyakazi akifa kwa sababu ya kazi, mwajiri awe ameiarifu idara ndani ya saa 8. Akilazwa hospitali, ndani ya saa 24. Hata kanuni hii ilikuwa imebadilishwa zamani kidogo. Kabla ya mwaka 2015 mwajiri alilazimika kuarifu pale tu walipolazwa watu watatu au zaidi kwa tukio moja. Kuanzia mwaka huo hata mmoja akilazwa sharti aripotiwe. Hayo yalikuwa mabadiliko ya kumfaa mfanyakazi. Tusidhani basi kwamba kila badiliko ni baya. Tunachotakiwa ni kulisoma.

Juu ya maradhi ya kuambukiza, kanuni ya daftari inasema mafua ya kawaida hayaandikwi. Lakini inataja kwamba kifua kikuu, homa ya ini ya aina ya A, tauni, na ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba na kuwapa watu homa ndefu, vyote vinahesabiwa kuwa maradhi ya kazi ikiwa mtu ameambukizwa kazini. Mchinjaji na mkata nyama wanajua kwa nini ugonjwa huo wa mwisho umetajwa.

YALIYOTOKEA SIOUX FALLS

Tarehe 24 Machi 2020 idara ya afya ya South Dakota ilipata habari za mgonjwa wa kwanza kiwandani. Wataalamu walipohesabu baadaye, walikuta kwamba tangu 16 Machi hadi 25 Aprili wafanyakazi 929 katika jumla ya 3,635 waliambukizwa. Hiyo ni zaidi ya robo ya kiwanda. Watu wengine 210 waliokutana nao waliambukizwa pia. Wafanyakazi 39 walilazwa, na katika muda huo wawili walikufa.

Yafaa kutazama ugonjwa ulipiga wapi. Katika wafanyakazi wanaolipwa kwa saa, karibu 27 katika kila 100 waliambukizwa. Katika wale wa mshahara wa mwezi walikuwa kama 15 katika kila 100. Sehemu zilizoumia zaidi ni kule kunakochinjwa na kukatwa nyama, ambako watu husimama bega kwa bega na nyama ikipita mbele yao haraka. Vijidudu havisomi barua ya ajira, lakini nafasi ya mtu kusimama ilipangwa na mwajiri.

Kampuni ilitangaza tarehe 12 Aprili kwamba inafunga kiwanda. Tarehe 28 Aprili Rais wa Marekani alitoa amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee na kazi. Septemba mwaka huo OSHA ilitangaza adhabu: kampuni ilikuwa imekosa kutimiza kifungu cha wajibu wa jumla. Idara ilisema wafanyakazi wasiopungua 1,294 waliambukizwa na wanne walikufa. Faini ilikuwa dola 13,494, kiasi cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu kwa kosa hilo. Ndugu msomaji, chukua kalamu ugawanye. Inatoka dola 10 na senti 43 kwa kila aliyeambukizwa. Kampuni ilipinga, na mwaka 2021 shauri likaisha kwa mapatano: ilipe faini hiyo na iandae mpango wa kukabili maradhi ya kuambukiza katika viwanda vyake.

Faini ni ndogo, inachekesha na kuliza. Hata hivyo somo limo. Kampuni haikuadhibiwa kwa kanuni yoyote iliyotaja korona, maana kwa viwanda vya nyama kanuni kama hiyo haikuwapo. Iliadhibiwa kwa kifungu cha mwaka 1970. Wajibu wa kulinda ulikuwapo kabla ya ugonjwa kupewa jina.

KANUNI ILIVYOGEUZWA

Sasa tufuate karatasi, tarehe kwa tarehe.

Tarehe 10 Aprili 2020, Sioux Falls ikiwa inaungua, OSHA ilitoa waraka. Ulisema kwamba isipokuwa hospitali, huduma za dharura kama zimamoto na magari ya wagonjwa, na magereza, waajiri wengine hawatalazimishwa kuchunguza kama mfanyakazi aliyepata korona aliipata kazini, labda pawepo ushahidi wa wazi. Kwa lugha nyepesi, kiwanda cha nyama kiliweza kunyamaza kama hakuna aliyekiletea ushahidi. Na ushahidi wenyewe uko mikononi mwa nani? Mwajiri ndiye mwenye orodha ya zamu na ya wasiofika kazini.

Tarehe 19 Mei waraka mwingine ulitolewa, ukaanza kutumika tarehe 26 Mei. Huu uliufuta ule wa kwanza. Sasa kila mwajiri anayetakiwa kuwa na daftari alipaswa kufanya uchunguzi wa haki: amwulize mfanyakazi anadhani ameambukizwa wapi, aangalie mahali pake pa kazi, atazame kama wenzake wa karibu nao wanaugua. Waraka huo ulikiri kwamba wengi wakiugua katika sehemu moja wanakofanya kazi kwa kukaribiana, na hakuna sababu nyingine, yaelekea ugonjwa umetoka kazini.

Mwisho wa Septemba 2020 ikaja tafsiri mpya juu ya kulazwa hospitali. Kanuni ilisema kulazwa kunaripotiwa ikiwa kumetokea ndani ya saa 24 tangu tukio la kazini. Kwa mtu aliyekatwa mkono jambo hilo linaeleweka, kwani anapelekwa hospitali siku ile ile. Idara ikaeleza kwamba kwa korona "tukio" ni ile saa mtu alipokutana na kirusi kazini. Lakini korona huchukua siku kadhaa kabla ya kumwangusha mtu. Nani ataambukizwa Jumatatu asubuhi akalazwa kabla ya Jumanne asubuhi? Kwa maneno machache hayo, karibu kila mfanyakazi aliyelazwa kwa korona alitoka nje ya wajibu wa kuripoti. Waliokufa walibaki, mradi kifo kitokee ndani ya siku 30 tangu kuambukizwa.

Tarehe 21 Juni 2021 ilitoka kanuni ya dharura kwa ajili ya wafanyakazi wa afya. Hiyo ilirekebisha kosa: kifo au kulazwa kutokana na kazi kuripotiwe hata kama siku nyingi zimepita tangu kuambukizwa. Wakata nyama hawakuingizwa. Desemba 2021 sehemu kubwa ya kanuni hiyo iliondolewa, zikabaki zile za daftari na ripoti tu. Februari 2025 idara ikatangaza kwamba haitazisimamia tena hata hizo.

Anayesoma kichwa cha habari tu ataona kwamba mambo ya korona kazini yamefutwa. Anayesoma mpaka chini ataona kwamba tangazo la 2025 lilihusu masharti ya pekee ya wafanyakazi wa afya. Halikukigusa kifungu cha wajibu wa jumla, wala daftari la kawaida la majeraha na maradhi. Muuguzi aliyeambukizwa wodini bado alistahili kuandikwa katika daftari la kawaida baada ya tangazo hilo.

KWA NINI HESABU INA THAMANI

Wapo wenzetu wanaosema, "Kuandikwa kunanisaidia nini? Sitapona kwa kuandikwa." Kweli hutapona. Lakini mkaguzi wa kazi haendi mahali asipojua kama kuna wagonjwa. Mjane hawezi kudai fidia ikiwa hakuna karatasi inayosema mumewe aliugua akiwa zamu. Na tawi haliwezi kudai nafasi ya kutosha kati ya mtu na mtu kama msimamizi anasema, "Nionyesheni wagonjwa wako wapi."

Oktoba 2021 kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilitoa hesabu iliyopata kutoka kwa makampuni matano makubwa ya nyama: wafanyakazi wasiopungua 59,000 waliambukizwa na wasiopungua 269 walikufa, tangu Machi 2020 hadi mwanzo wa Februari 2021. Waambukizwa hao walikuwa zaidi ya mara mbili ya makadirio yaliyokuwa yakitajwa kabla ya hapo. Kama kila aliyeugua angalihesabiwa na hesabu ikatolewa wakati wake, nchi isingalisubiri Bunge lidai barua za makampuni.

Tena kuna habari ya Greeley, katika jimbo la Colorado. Huko ni kiwanda cha nyama ya ng'ombe cha kampuni ya JBS. Septemba 2020 OSHA ilitangaza faini ya dola 15,615 juu yake. Kosa moja lilikuwa lile lile la Sioux Falls. Kosa la pili ndilo nataka kila katibu wa tawi alikumbuke: kuchelewa kumpa mwakilishi wa wafanyakazi daftari la majeraha na maradhi. Kwa hiyo kumnyima mwakilishi daftari kulihesabiwa kosa la kisheria, lenye adhabu yake. Kampuni hii nayo ilipinga. Lakini bila mwakilishi kuomba daftari, kosa hilo lisingaliandikwa kamwe.

VISINGIZIO VITATU

Katika kuzunguka matawi nimesikia visingizio ambavyo havitofautiani sana na vya kule.

Kisingizio cha kwanza: "Nikimwandika nitakuwa nimekiri kosa." Kanuni ya Marekani inajibu waziwazi kwamba kuandika tukio katika daftari si kukiri kwamba mwajiri au mfanyakazi amekosa, wala si uamuzi juu ya fidia. Ni hesabu ya yaliyotokea. Mwajiri wa haki hana sababu ya kuogopa hesabu.

Kisingizio cha pili: "Ugonjwa ni siri ya mtu." Ni kweli, na siri hiyo sharti ilindwe. Lakini kule mwenye kifua kikuu, homa ya ini au virusi vya ukimwi huandikwa bila jina lake kuonekana katika daftari linalosomwa, na mwenye ugonjwa mwingine anaweza kuomba afanyiwe vivyo hivyo. Siri huficha jina la mgonjwa. Haifichi kwamba wapo wagonjwa sita katika chumba kimoja.

Kisingizio cha tatu: "Tumekwisha kuwaarifu watu wa afya." Vema, lakini ripoti ya wizara ya afya na ripoti ya mkaguzi wa kazi ni njia mbili. Ya kwanza inatafuta ugonjwa uko wapi nchini. Ya pili inauliza kazi iliuletaje. Kanuni ya njia moja ikibadilika, ya pili haibadiliki mpaka isemwe hivyo.

HAPA KWETU

Asije mtu akasema haya ni ya Wamarekani. Mwaka 2022 Uganda ilipopigwa na Ebola, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na saba wakafariki dunia. Hao ni wafanyakazi waliopata ugonjwa wakiwa kazini, na hawakuwa na nafasi ya kukimbia.

Upande wa dunia, wafanyakazi wamepata silaha mpya. Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva uliamua kwamba mahali pa kazi salama na penye afya ni moja ya haki za msingi za kazi. Kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu haki hiyo, hata kama haijatia sahihi mikataba inayohusika. Juni 2025 mkutano huo ukapitisha Mkataba Namba 192, ambao ni wa kwanza wa kimataifa juu ya hatari za vijidudu na viumbe vinavyoleta maradhi kazini, pamoja na Pendekezo Namba 209. Mkataba hupata nguvu katika nchi pale serikali inapouridhia. Kila chama cha wafanyakazi katika nchi zetu kiulize serikali yake: mnauridhia lini?

MWAJIRI ATAKIWE NINI SIKU KANUNI INAPOBADILIKA

Sheria za Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda si moja, na katibu wa tawi anapaswa kusoma ya nchi yake. Lakini madai yafuatayo yanafaa kuwekwa mezani popote, na mahali penye mkataba wa hiari na mwajiri yaandikwe ndani ya mkataba.

Kwanza, mwajiri awape wawakilishi wa wafanyakazi nakala ya kanuni mpya nzima. Muhtasari wa msimamizi hautoshi.

Pili, atangaze kwa lugha ambazo wafanyakazi wanazielewa. Wataalamu waliokwenda Sioux Falls walitaja wingi wa lugha kuwa kikwazo kimoja cha kupasha habari. Tangazo lisilosomeka ni sawa na tangazo lisilokuwapo.

Tatu, aonyeshe tarehe. Aliyeugua kabla ya kanuni mpya kuanza ashughulikiwe kwa kanuni iliyokuwapo siku hiyo. Mwajiri asirudi nyuma kufuta majina.

Nne, kinga isipunguzwe mpaka hatari imepimwa upya pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi. Ikiwa watu bado wanaugua, maji, sabuni, barakoa, hewa na nafasi kati ya mtu na mtu viendelee, hata kama fomu imefutwa.

Tano, madaftari ya zamani yatunzwe. Kifua kikuu huweza kujificha muda mrefu kabla ya kujitokeza, na mtu atahitaji ukurasa wa miaka iliyopita.

Sita, asiadhibiwe mtu kwa kusema kwamba anaumwa au kwamba mwenzake ameugua. Mgonjwa anayeogopa kukatwa siku atakuja kazini na homa yake, naye ataondoka amewaachia wengine.

NA SISI WENYEWE

Madai bila kazi ni maneno ya kahawani. Tawi lichague mtu mmoja wa kufuatilia waraka wa serikali na kuusoma mbele ya wenzake wiki ile ile unapotoka. Tawi liwe na daftari lake: tarehe, sehemu ya kazi, zamu, dalili, na kama mtu alilazwa. Majina yawekwe pembeni kwa siri. Daftari hilo halichukui nafasi ya la mwajiri, bali ni la kulipima la mwajiri. Kila mwezi mwakilishi aombe kuona la ofisi, ayalinganishe. Likikataliwa, ombi liandikwe kwa barua na nakala ibaki, kwa sababu barua ya leo ndiyo ushahidi wa kesho mbele ya mkaguzi.

Na kanuni inapobadilika, tujizoeze kuuliza maswali matatu, mzee na kijana, mwenye kusoma na asiyejua kusoma: Kulinda kumebadilika? Kuandika kumebadilika? Kuripoti kumebadilika? Akijibu msimamizi kwamba yote yamebadilika, mwambie akuonyeshe mstari wenyewe. Nimeona mara nyingi kwamba mstari huo hauonekani.

Wenzetu wa Sioux Falls walisimama bega kwa bega kwa sababu mashine iliwapanga hivyo. Sisi tusimame bega kwa bega kwa kupenda, tukiwa na karatasi mkononi. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.